Raleigh na Mikono Iliyo Nyuma ya Korongo

Mtu aliyekulia Tanzania, Kenya au Uganda kati ya miaka ya 1950 na 1980 hahitaji kuelezwa Raleigh ni nini. Ni ile baiskeli nyeusi iliyosimama wima, yenye magurudumu ya inchi 28, breki za fito za chuma, madigadi mapana, keria ya nyuma iliyobeba leo gunia la mahindi na kesho mgonjwa anayepelekwa zahanati. Ilinunuliwa kwa fedha ya pamba, ya kahawa au kwa mshahara wa ualimu. Ilipanguswa kwa kitambaa kila jioni, ikatiwa mafuta kila mwisho wa juma, na mwenyewe alipofariki ilihesabiwa katika mirathi.

Mbele, chini ya usukani, palikuwa na nembo ya chuma yenye kichwa cha korongo. Ndege huyo alitoka katika nembo ya ukoo wa mwenye kampuni, tajiri wa Kiingereza aliyeitwa Frank Bowden. Jina lililoandikwa hapo, Raleigh, ni la mtaa mmoja wa mji wa Nottingham, na mtaa wenyewe ulipewa jina la Sir Walter Raleigh, mwanamaji wa enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Kwa hiyo kipande kile cha chuma kilimtaja tajiri na kilitaja mtaa. Waliokaa na kufikiri namna baiskeli itakavyobeba mzigo, itakavyopanda mlima na itakavyodumu miaka 40 hawakutajwa popote. Nao walikuwa wengi: Mfaransa mmoja aliyehamia Nottingham, bingwa wa mbio aliyegeuka mhandisi, fundi wa gia aliyelazimika kuutoa uvumbuzi wake kwa jina la rafiki yake, na wengine waliokuja baada yao.

Nottingham iko katikati ya Uingereza, na katika karne ya 19 ilijulikana duniani kwa lesi. Mashine za kufuma lesi zilikuwa na maelfu ya vipande vidogo vya chuma vilivyopaswa kwenda pamoja bila kukosea, na kwa sababu hiyo mji ulijaa mafundi waliozoea kuchonga chuma kwa vipimo vya unywele. Biashara ya lesi ilipoyumba, mikono hiyo ilikuwa tayari kwa kazi nyingine.

Kazi hiyo ilikuja mwaka 1885. Mjini Coventry, John Kemp Starley alitoa baiskeli aliyoiita Rover: magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa, pedali katikati, na mnyororo unaopeleka nguvu ya miguu kwenye gurudumu la nyuma. Kabla ya hapo, baiskeli iliyotamba ilikuwa ile ya gurudumu kubwa mno mbele na dogo nyuma. Mwendeshaji alikaa juu kama mita moja na nusu kutoka ardhini, na pedali zilifungwa moja kwa moja kwenye ekseli ya gurudumu la mbele. Akigonga jiwe, alitanguliza kichwa. Baiskeli ya Starley iliitwa baiskeli ya usalama, na umbo lake ndilo tunaloendesha mpaka leo. Miaka mitatu baadaye, huko Belfast, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi la kujazwa upepo. Mambo hayo mawili yalipokutana, baiskeli iliacha kuwa mchezo wa vijana jasiri ikawa chombo cha mtu yeyote.

Katikati ya miaka hiyo ya 1880, watu watatu walikuwa wakiunda baiskeli katika karakana ndogo ya Raleigh Street: Richard Woodhead, fundi mitambo, Paul Angois, Mfaransa, na William Ellis, aliyetia mtaji. Walitoa baiskeli tatu kwa wiki. Warsha za namna hiyo zilikuwa nyingi Uingereza, na nyingi zilikufa bila mtu kuzikumbuka. Hii ilikuwa na kitu cha ziada. Baiskeli zao zilikuwa na gia inayobadilishika, yaani uwiano kati ya mzunguko wa pedali na mzunguko wa gurudumu uliweza kurekebishwa kulingana na njia na nguvu za mwendeshaji. Haikubadilishwa mtu akiwa njiani, ilibidi ashuke. Hata hivyo, wakati ambapo karibu kila mtengenezaji aliuza uwiano mmoja tu kwa mzee na kijana, kwa mlima na tambarare, hilo lilikuwa wazo kubwa.

Wazo hilo ndilo lililomvuta Bowden. Alikuwa amechuma mali yake Hong Kong, akarudi Ulaya afya yake ikiwa imedhoofika, akashauriwa aendeshe baiskeli. Mwaka 1887, akiwa katika mtaa wa Queen Victoria Street jijini London, aliona Raleigh, akaipenda kwa gia yake, akainunua, akazunguka nayo Ufaransa, Italia na Uingereza. Mwaka uliofuata, wakati wa vuli, alipita Nottingham akaingia karakanani kutafuta baiskeli iliyo bora zaidi ya ile. Akakuta mafundi hodari wasio na fedha za kukua. Alinunua sehemu ya Ellis, na kabla mwaka 1888 haujaisha kampuni mpya ya Raleigh ilikuwa imezaliwa. Bowden akawa mwenyekiti, Woodhead akasimamia kiwanda, Angois akapewa ubunifu.

Historia nyingi za Raleigh huanza na Bowden, na ni kweli kwamba bila fedha na macho yake ya biashara jina hilo lisingevuka mipaka ya Nottingham. Lakini yeye alinunua baiskeli iliyokwisha kubuniwa. Mgonjwa aliyepona alipona juu ya kazi ya Woodhead na Angois. Masimulizi yanapaswa kuonyesha hivyo.

Kampuni ilikua kwa kasi ya ajabu. Ilihamia jengo la ghorofa tano lililokuwa kiwanda cha lesi katika mtaa wa jirani wa Russell Street, kisha ikajenga kiwanda kikubwa eneo la Lenton. Bowden alielewa mapema kwamba baiskeli huuzwa na ushindi. Mwaka 1893 Mmarekani Arthur Zimmerman, mkimbiaji aliyeogopwa kuliko wote wakati huo, alitwaa ubingwa wa dunia mjini Chicago, na picha yake ikapamba mabango ya Raleigh. Ilipofika mwaka 1896, kiwanda cha Nottingham kilihesabiwa kuwa kikubwa kuliko viwanda vyote vya baiskeli duniani.

Ni kipindi hicho ndipo anapoingia George Pilkington Mills.

Mills alizaliwa mwaka 1867. Akiwa na miaka 19 alipanda baiskeli ya gurudumu kubwa kutoka Land's End, ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza, hadi John o'Groats, kaskazini kabisa mwa Uskoti, umbali wa takriban kilomita 1,400. Barabara zilikuwa za mawe na matope, taa hazikuwepo. Alitumia siku 5, saa 1 na dakika 45. Hakuna aliyeivunja rekodi hiyo kwa baiskeli ya aina ile hadi mwaka 2019, yaani baada ya miaka 133. Mwaka 1891 alikwenda Ufaransa kwenye mashindano ya kwanza ya Bordeaux hadi Paris. Waandaaji walidhani waendeshaji wangelala njiani, wakawatayarishia mahali pa kula na vitanda. Mills hakulala. Alifika Paris baada ya saa 26 na dakika kadhaa, na Waingereza wenzake watatu wakashika nafasi zilizofuata.

Mtu wa namna hiyo anapokaa mezani kuchora baiskeli, anajua kwa nyama na mifupa yake mahali inapovunjika. Mills alikuwa mhandisi kwa taaluma. Alifanya kazi katika kiwanda cha Humber huko Beeston, jirani na Nottingham, kisha katikati ya miaka ya 1890 akajiunga na Raleigh kusimamia utengenezaji.

Tatizo alilolikuta lilikuwa kwenye viungo. Fremu ya baiskeli ni mabomba yanayokutana kwa pembe, na pale yanapokutana panahitaji soketi ya chuma ya kuyashika. Soketi hizo zilitengenezwa kwa chuma cha kumimina kwenye kalibu. Zilikuwa nene na nzito, na kila moja ilipaswa kutobolewa na kuchongwa kwa mashine kabla bomba halijaingia. Kazi ilichukua muda mrefu, chuma kingi kiligeuka vumbi sakafuni, na bado ndani ya chuma cha kumimina paliweza kubaki tundu la hewa lisiloonekana, ambalo siku moja lingepasuka njiani. Raleigh chini ya Mills ikachukua njia nyingine: bamba la chuma cha pua, lililopigwa kwa mashine ya shindikizo hadi likachukua umbo la kiungo. Viungo hivyo vilikuwa vyembamba, vyepesi na imara, na vilitoka vikifanana kimoja na kingine. Mabomba yaliunganishwa navyo kwa shaba ya njano iliyoyeyushwa. Kuanzia hapo kampuni ikajitangaza kuwa inauza baiskeli iliyo ya chuma cha pua tupu, na tangazo hilo lilidumu miongo mingi. Bila shaka lilikuwa neno la biashara, ila safari hii biashara ilisema kweli. Babu aliyefunga magunia mawili ya mpunga kwenye keria akashuka nayo mteremko wa mawe alikuwa akitegemea viungo hivyo.

Mambo ya fedha hayakwenda vizuri kama ya ufundi. Mwaka 1896 mlanguzi maarufu wa hisa, Ernest Terah Hooley, aliiuza kampuni kwa umma kwa thamani iliyovimbishwa wakati wa homa ya hisa za baiskeli. Miaka miwili baadaye Hooley alifilisika, homa ikashuka, na viwanda vingi vya baiskeli vikafa. Bowden akalazimika kuikomboa kampuni yake. Kwa kuwa soko lilikuwa limejaa baiskeli za bei rahisi, alihitaji kitu ambacho mshindani hangeweza kukiiga kwa wiki moja.

Kitu hicho kilikuwa kikitengenezwa Salford, karibu na Manchester, na mtu anayestahili kujulikana zaidi ya wote katika habari hii. Jina lake ni William Reilly. Alikuwa tayari amebuni gia ya hatua mbili inayofichwa ndani ya habu ya gurudumu la nyuma, na kampuni iliyoitoa ilikuwa imemfunga kwa mkataba ulioipa haki juu ya gia zozote atakazozibuni baadaye. Reilly aliendelea kufikiri. Akapata gia ya hatua tatu, bora kuliko ile ya kwanza. Angeisajili kwa jina lake, ingekuwa mali ya waajiri. Hataza ikaombwa kwa jina la mwenzake, James Archer.

Wakati huohuo Henry Sturmey, mwandishi na mhariri wa magazeti ya baiskeli na magari, alikuwa na hataza ya gia ya hatua tatu ya kwake. Bowden aliwakusanya wote pamoja, akaunda kampuni mwaka 1902, na mwaka uliofuata gia ikaingia sokoni. Kilichotengenezwa kilitokana na mchoro wa Reilly. Kilichoandikwa juu ya habu kilikuwa Sturmey-Archer. Mhariri akapata nusu ya jina, rafiki akapata nusu nyingine, na aliyebuni akakosa hata herufi moja. Watafiti wa historia ya baiskeli ndio walioufukua ukweli huo miongo mingi baadaye, na hadi leo mamilioni ya watu wametamka majina yale mawili bila kumsikia Reilly.

Inafaa kuitazama kazi yake kwa karibu, maana uzuri wake uko ndani. Ukifungua habu ile unakuta kigurudumu cha meno kilichokazwa kwenye ekseli, kisichozunguka. Kukizunguka kuna vigurudumu vidogo vilivyoshikwa kwenye kizimba, navyo hukizunguka kile cha katikati kama watoto wanaocheza kuuzunguka mwembe. Nje ya vyote kuna pete kubwa yenye meno kwa ndani. Sasa, mnyororo ukisukuma kizimba na gurudumu likavutwa na pete, gurudumu linakwenda kasi kuliko meno yanayovutwa na mnyororo. Ukigeuza, mnyororo ukasukuma pete na gurudumu likavutwa na kizimba, gurudumu linakwenda polepole lakini kwa nguvu zaidi, na hiyo ndiyo gia ya mlima. Gia ya kati haina hesabu: mnyororo na gurudumu huzunguka pamoja. Mwendeshaji huchagua kwa kusogeza wenzo mdogo kwenye usukani, ambao huvuta kijimnyororo kinachoingia katikati ya ekseli. Vumbi haliingii, tope haliingii, na mnyororo mkuu haurukaruki kutoka meno haya hadi yale. Kinachotakiwa ni matone machache ya mafuta. Toleo la mwaka 1936 lililoitwa AW hupunguza mwendo kwa asilimia 25 kwenye gia ya chini na kuuongeza kwa theluthi moja kwenye gia ya juu. Habu za AW za zamani sana bado zinafanya kazi.

Bowden alipewa cheo cha baronet mwaka 1915 na akafariki mwaka 1921. Mwanawe Harold aliendelea na usukani. Katika miaka ya 1930 na 1940 Raleigh ilimeza washindani wake mmoja baada ya mwingine, wakiwemo Humber na Rudge-Whitworth, na mwaka 1951 uzalishaji ulipita baiskeli milioni moja kwa mwaka. Nottingham nzima iliishi kwa kengele ya kiwanda. Mwandishi Alan Sillitoe alifanya kazi humo akiwa kijana, na riwaya yake iliyomletea umaarufu, iliyochapishwa mwaka 1958, inamhusu kijana anayefanya kazi kwenye mashine katika kiwanda cha baiskeli. Filamu ya riwaya hiyo ilipopigwa, kamera ziliingia ndani ya kiwanda chenyewe cha Raleigh.

Sehemu kubwa ya baiskeli hizo milioni haikubaki Uingereza. Zilijazwa melini kwenda India, Nigeria, Malaya, Afrika Kusini, na bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Kutoka hapo zilipanda treni hadi kwenye maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi katika miji ya ndani, ambako ziliunganishwa na kuning'inizwa dukani zikiwa bado zimefungwa karatasi. Walionunua mwanzoni walikuwa makarani, walimu, makatekista na watu wa posta. Baadaye wakaja wakulima, hasa msimu wa mavuno ukiwa mzuri.

Baiskeli hiyo haikubuniwa kwa ajili ya Afrika. Ilibuniwa kwa barabara za vijijini Uingereza kabla ya lami kuenea, na hiyo ndiyo sababu ilitufaa. Fremu yake imelala kidogo, uma wa mbele umetokeza, na umbali kati ya magurudumu ni mrefu. Hayo yote hupunguza mtikisiko. Gurudumu la inchi 28 hupita juu ya shimo ambalo gurudumu dogo lingezama. Fito za breki zikipinda, fundi huzinyoosha kwa nyundo. Beringi zake ni gololi zilizowekwa kwenye vikombe, na fundi aliye chini ya mti mwenye spana mbili anaweza kuzitoa, kuzisafisha, kuzibadilisha na kuzikaza upya. Kwa masoko ya mizigo, Raleigh ilitoa hata fremu zenye mabomba mawili juu. Nyingi zilizofika kwetu zilikuwa za gia moja tu. Habu ya Reilly ilikuwa anasa ya watu wa mjini.

Matangazo ya kampuni hayakuwa na heshima sawa na baiskeli yake. Bango moja lililopata umaarufu lilimchora Mwafrika akikimbia kwa Raleigh huku simba akimfukuza. Bango la namna hiyo lilimwona Mwafrika kama kichekesho cha porini, wakati mteja halisi alikuwa mwalimu aliyesahihisha madaftari au mkulima aliyehesabu kilo za pamba. Ubunifu mwingine, ule ambao Nottingham haikuuwazia kabisa, ulifanywa na watu hao waliochekwa. Wao ndio waliochomelea keria pana za kubeba madumu manne ya maji. Wao ndio waliotandika mto nyuma na kuanza kubeba abiria mpakani mwa Kenya na Uganda, huduma iliyozaa boda boda tunazozijua. Mafundi wa baiskeli wa Shinyanga, Busia na Kisumu ni sehemu ya historia ya baiskeli hii kwa haki ileile ya Mills na Reilly, na ni jambo la kusikitisha kwamba vitabu vya historia ya kampuni vina nafasi ndogo sana kwa ajili yao.

Umbo lile liliigwa kila mahali. Flying Pigeon ya Tianjin, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1950 na kuwa baiskeli ya Wachina, ilifuata mtindo wa Raleigh ya mwaka 1932. Phoenix ya Shanghai ni ya ukoo huohuo. Hero ya Ludhiana, India, iliyoanzishwa na ndugu wa familia ya Munjal mwaka 1956, ilitawala masoko yetu pale Raleigh ilipozidi bei. Tanzania nayo iliunda Swala. Nchini Kenya watu waliibandika baiskeli ya aina hii jina la Black Mamba, bila kujali imetoka China, India au Nottingham. Walikuwa na haki: chini ya rangi, mifupa ilikuwa ile ile.

Nottingham yenyewe ilianza kuyumba. Wazungu walikuwa wakinunua magari. Mwaka 1960 Raleigh iliunganishwa na kampuni kubwa ya mabomba ya chuma, Tube Investments. Mhandisi Alex Moulton aliwaletea baiskeli yake ya magurudumu madogo yenye springi, wakaikataa. Akaitengeneza mwenyewe mwaka 1962, watu wakaigombania, na mwaka 1967 Raleigh ikalazimika kuinunua kampuni yake. Hilo ni somo ambalo ofisi za ubunifu hulipia ghali.

Kilichoiokoa kwa muda ni Chopper, iliyoingia madukani Uingereza mwaka 1970: gurudumu la mbele la inchi 16, la nyuma la inchi 20, usukani mrefu kama wa pikipiki, kiti chenye mgongo, na gia ya Sturmey-Archer iliyoendeshwa kwa wenzo mkubwa kama wa gari. Watoto wa Uingereza waliililia. Zaidi ya milioni moja ziliuzwa. Na hapa tena likazuka swali la nani aliyebuni. Alan Oakley, mkuu wa ubunifu wa Raleigh, alieleza kwamba aliichora juu ya bahasha akiwa ndani ya ndege akirudi kutoka Marekani. Tom Karen, wa kampuni ya ubunifu ya Ogle, alishikilia kwamba kazi ni yake. Wote wawili wamekwisha kufariki, na kila mmoja alikufa akishikilia neno lake. Pengine kila mmoja alikuwa na sehemu ya haki, maana baiskeli ya kiwandani haichorwi na mkono mmoja.

Mkono mwingine uliokaa kimya ni wa Gerald O'Donovan. Katika miaka ya 1970 aliongoza karakana maalumu ya kampuni huko Ilkeston, iliyotengeneza fremu za mbio moja moja kwa ajili ya timu ya kulipwa ya TI-Raleigh. Alitumia mabomba ya Reynolds 753, membamba kiasi kwamba moto wa kawaida wa kulehemu ungeyaharibu. Yaliunganishwa kwa lehemu ya fedha, kwa joto la chini, na kampuni ya Reynolds haikumuuzia fundi yeyote mabomba hayo kabla ya kumpa mtihani wa kiungo kimoja na kukikagua. Mwaka 1980 Mholanzi Joop Zoetemelk alishinda Tour de France akiwa na timu hiyo. Kamera zilimwonyesha mshindi na jina lililoandikwa kwenye fremu.

Sturmey-Archer iliuzwa mwaka 2000 kwa SunRace ya Taiwan, na mashine zikasafirishwa huko. Kiwanda cha Nottingham kiliunganisha baiskeli yake ya mwisho mwaka 2002. Mahali palipokuwa na tanuri na mashindikizo sasa pana majengo ya Chuo Kikuu cha Nottingham. Jina la Raleigh linaendelea, likiwa mali ya kundi la Accell la Uholanzi tangu mwaka 2012, na linabandikwa zaidi kwenye baiskeli za umeme.

Kwa Afrika Mashariki, kazi ya kubuni baiskeli ya mizigo imehamia kwingine. Shirika la World Bicycle Relief lilianzishwa mwaka 2005 baada ya tsunami iliyoipiga Sri Lanka, na mwanzilishi wake mmoja, F. K. Day, ni kati ya walioanzisha SRAM, kampuni ya vipuri vya baiskeli ya Chicago. Baiskeli yao, Buffalo, inatumika Zambia, Malawi, Zimbabwe na Kenya, na Kisumu ni mojawapo ya miji ambako huunganishwa. Keria yake imepimwa kwa kilo 100. Kwa miaka mingi ilikuwa na gia moja, kama Raleigh za zamani, na walioiendesha waliwaambia wabunifu jambo ambalo kila mama aliyewahi kusukuma baiskeli yenye mzigo mlimani analijua. Toleo jipya limejibu kwa minyororo miwili na gia mbili. Halina waya, halina wenzo wa kuvunjika kwenye usukani: mwendeshaji huzungusha pedali kinyumenyume kidogo, na gia inabadilika.